Kilevi na Ushawishi: Kwa Nini Mlevi Hukubali Haraka



Somo hili linahusu mambo mawili yanayokutana kila siku katika vijiji vyetu. La kwanza ni vilevi. La pili ni maneno ya watu wanaotaka tukubali jambo fulani. Tutaona kwa nini mtu aliyelewa hukubali maneno ambayo angeyakataa kama akili yake ingekuwa timamu.

Someni polepole. Mkimaliza kila sehemu, simameni kidogo mjadiliane.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kilevi: kitu kinachobadili fahamu ya mtu. Pombe ni kilevi. Bangi ni kilevi. Baadhi ya vidonge vya hospitali pia hulevya.

Ushawishi: maneno au vitendo vya kumvuta mtu akubali jambo.

Kupima maneno: kuyafikiria maneno kabla ya kuyakubali au kuyakataa.

Akili timamu: akili isiyovurugwa na kilevi, homa kali au ugonjwa.

1. USHAWISHI NI NINI?

Kila siku tunashawishiwa. Bwana shamba anatushawishi tupande kwa mistari. Mwenye duka anatushawishi tununue sabuni mpya. Mtoto anamshawishi mama yake ampe fedha ya daftari.

Ushawishi peke yake si jambo baya. Bwana shamba akisema, "Pandeni mbegu hii," wewe unamwuliza, "Bei yake ni kiasi gani? Jirani aliyeipanda mwaka jana alivuna magunia mangapi?" Hapo unapima maneno. Ukiridhika unakubali. Usiporidhika unakataa.

Ili kupima maneno, mtu anahitaji kufanya mambo matatu:

Kwanza, akumbuke yaliyopita.
Pili, alinganishe faida na hasara.
Tatu, afikirie kesho na keshokutwa.

Kilevi hugusa mambo yote haya matatu.

2. POMBE INAFANYA NINI KATIKA UBONGO?

Pombe zetu zina majina mengi. Kilimanjaro kuna mbege. Iringa kuna ulanzi. Pwani kuna mnazi. Kagera kuna rubisi. Kuna wanzuki wa asali, na kuna bia za kiwandani. Majina ni mengi, lakini kinacholevya ndani yake ni kitu kimoja. Kinaitwa alkoholi.

Alkoholi hupita tumboni na kwenye utumbo mwembamba, kisha huingia katika damu. Damu huipeleka kwenye ubongo. Kazi hii huanza kwa dakika chache tu. Mtu mwenye njaa hulewa upesi zaidi, kwa sababu hakuna chakula tumboni cha kuichelewesha.

Sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, hufanya kazi kama breki ya baiskeli. Ndiyo inayotuambia, "Ngoja kwanza." Alkoholi huilegeza breki hii mapema. Mtu bado anatembea vizuri, anazungumza vizuri, hata anasoma vizuri. Lakini breki yake imeanza kulegea.

Jambo la pili ni kwamba mlevi huona yaliyo karibu tu. Mwaka 1990 wataalamu wawili wa Marekani, Claude Steele na Robert Josephs, walilieleza jambo hili. Walimfananisha mlevi na mtu mwenye macho yasiyoona mbali. Fedha iliyo mezani anaiona. Rafiki anayecheka mbele yake anamwona. Lakini ada ya mtoto ya mwezi wa kwanza haioni. Njaa ya mwezi wa tatu haioni. Hayo yako mbali.

Jambo la tatu ni kumbukumbu. Mtu akinywa pombe nyingi kwa haraka, ubongo wake unaweza kushindwa kuhifadhi yanayotokea. Anazungumza, anacheka, anatembea, hata anatia sahihi. Kesho yake hakumbuki lolote. Wenzake hudhani anasema uongo. Hasemi uongo. Ubongo wake haukuhifadhi chochote cha kukumbuka.

Angalieni mpangilio huu. Kilevi hakianzi kwa kumwondolea mtu uwezo wa kusoma. Huanza kwa kumwondolea uwezo wa kupima anachokisoma.

3. MFANO: KARATASI YA SHAMBA

Tuchukue mfano. Huu si wa mtu fulani, lakini mambo ya namna hii hutokea.

Mzee mmoja, tumwite Mzee Mashaka, ana shamba la eka tatu karibu na barabara. Amehitimu kisomo na anasoma bila shida. Kijana mfanyabiashara anataka shamba hilo. Asubuhi anamfuata mzee nyumbani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee wangu, niuzie lile shamba la barabarani."

"Siuzi. Labda nikukodishe eka moja kwa msimu mmoja. Lakini nitazungumza kwanza na mama watoto."

Kijana habishi. Jioni anamkuta mzee kilabuni. Anamnunulia kata ya kwanza, ya pili na ya tatu. Anamsifu mbele ya watu. Anasema, "Mzee huyu ni baba yangu hasa." Watu wanapiga makofi. Kisha anatoa fedha na karatasi.

"Mzee wangu, ni yale yale tuliyozungumza asubuhi. Wewe msomi, soma mwenyewe."

Mzee Mashaka anaichukua karatasi na kuisoma kwa sauti mbele ya watu. "Mimi nimeuza shamba langu la eka tatu." Anayasoma maneno yote bila kukosea. Anatia sahihi. Watu wanampongeza kwa kusoma vizuri.

Asubuhi anaisoma tena nakala yake. Anafika kwenye neno "nimeuza" na moyo unamshtuka. Jana alilisoma neno hilo hilo. Lakini jana aliambiwa, "Ni yale yale ya asubuhi," naye akakubali. Hakulinganisha maneno ya kijana na maneno ya karatasi.

Angalieni silaha za yule kijana. Hakumpiga mzee wala hakumtisha. Alitumia pombe, sifa, watu wa kushangilia na haraka. Pombe peke yake isingeuza shamba, wala maneno peke yake hayakuliuza, kwa sababu asubuhi yalishindwa. Vyote viwili vilipokutana, mzee alikubali.

4. SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Mikataba ya Tanzania inataka mtu anayefanya mkataba awe na akili timamu. Awe anaweza kuelewa anachokubali na kupima faida na hasara yake. Mtu aliyelewa hadi asielewe hawezi kufanya mkataba wa halali katika hali hiyo.

Tena, ardhi ya kijiji ina taratibu zake. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mtu akitaka kumhamishia mwingine hakimiliki yake ya kimila, Halmashauri ya Kijiji lazima ihusike na kutoa kibali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inalinda nyumba ya familia. Mume asiiuze bila ridhaa ya mke, wala mke asiiuze bila ridhaa ya mume.

Kwa hiyo Mzee Mashaka ana pa kukimbilia. Aende mapema kwa mtendaji wa kijiji na katika Baraza la Ardhi la Kijiji. Aende na mke wake. Asisubiri mwaka upite.

Lakini tusijidanganye. Atalazimika kueleza kwamba alikuwa amelewa kiasi cha kutoelewa. Mashahidi ni wale wale waliomsikia akisoma kwa sauti bila kukosea. Na kama amekwisha tumia fedha za kijana, huenda akatakiwa kuzirudisha. Sheria inaweza kumsaidia, lakini kwa taabu. Ni rahisi zaidi kutotia sahihi.

5. HATA KUDHANI KWAMBA UMELEWA

Mwaka 2003 yalitolewa matokeo ya jaribio lililofanywa katika Chuo Kikuu cha Victoria mjini Wellington, nchini New Zealand. Wanafunzi walipewa kinywaji cha toniki kisicho na pombe hata tone. Nusu yao waliambiwa ukweli. Nusu nyingine waliambiwa kwamba kinywaji chao kimechanganywa na vodka, ambayo ni pombe kali.

Kisha wote walionyeshwa picha za mtu akifanya wizi. Baadaye walisomeshwa maelezo ya wizi ule, lakini ndani yake mlikuwa na mambo ya uongo. Mwishoni waliulizwa waliona nini katika picha.

Wale waliodhani wamekunywa vodka walifuata maelezo ya uongo zaidi kuliko wenzao. Tena walijibu kwa uhakika zaidi. Hawakuwa na alkoholi mwilini. Walikuwa wameamini tu kwamba wamelewa, wakaacha kupima.

Jaribio hili linatufundisha jambo kubwa. Mtu akishika kikombe cha pombe, mara nyingi hujipa ruhusa ya kutofikiri. Husema, "Leo tunafurahi, mambo ya kufikiri kesho." Mshawishi anaijua ruhusa hiyo naye huitumia.

6. BANGI NA VIDONGE

Bangi ina njia yake. Huvuruga kumbukumbu ya mambo yanayotokea wakati ule. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa nchini Uholanzi kwa watu 64. Walipokuwa wamevuta bangi, walikubali kwa urahisi zaidi kwamba wameona vitu ambavyo hawakuviona. Hili ni jambo la kuangaliwa sana mtu anapoitwa kutoa ushahidi. Asihojiwe akiwa amelewa. Anaweza kukubali lisilokuwepo, naye akaamini anasema kweli.

Vidonge vya usingizi na vya kutuliza wasiwasi ni dawa nzuri mikononi mwa daktari. Humsaidia mgonjwa. Lakini huleta usingizi, hulegeza mwili, na vinaweza kufuta kumbukumbu ya saa zinazofuata. Wahalifu huvitia katika soda, juisi au biskuti na kumkaribisha msafiri. Msafiri hulala. Au hubaki macho, lakini hana nguvu ya kukataa. Anaambiwa, "Shuka," anashuka. Anaambiwa, "Lete mkoba," anautoa.

Dawa hizi zikichanganywa na pombe ni hatari ya kifo, kwa sababu zote mbili hupunguza kasi ya kupumua.

Mtu aliyefanyiwa hivi asichekwe wala asiitwe mjinga. Hakukubali chochote. Alitiliwa sumu. Hali kadhalika, mwanamke aliyeleweshwa kisha akaingiliwa hakutoa ridhaa. Mwenye kosa ni aliyetenda.

Wapo pia matapeli wasiotumia dawa yoyote. Baadaye aliyetapeliwa husema, "Walinipulizia dawa." Mara nyingi alivutwa kwa maneno: faida kubwa ya haraka, siri, na kunyimwa nafasi ya kuwauliza wenzake. Tuzijue njia zote mbili, ya dawa na ya maneno, ili tujilinde na zote.

7. JE, IKO DAWA YA KUMFANYA MTU ASEME KWELI?

Watu wengi huamini kwamba mlevi husema kweli. Hata wasomi wa nchi kubwa waliwahi kuamini hivyo.

Mwaka 1922 huko Texas, nchini Marekani, daktari mmoja aitwaye Robert House alijaribu dawa iitwayo skopolamini kwa wafungwa. Aliamini kwamba mtu aliyepewa dawa hiyo hawezi kudanganya. Baada ya hapo, magazeti yakawa yanaandika juu ya "dawa ya ukweli".

Mwaka 1954 mjini Chicago, polisi walimkamata kijana wa miaka 19 aliyezoea heroini. Akiwa katika maumivu ya kuikosa, daktari wa polisi alimchoma sindano yenye skopolamini na dawa nyingine. Baada ya sindano hiyo alikiri kuua. Kesi yake ilifika Mahakama Kuu ya Juu ya Marekani. Mwaka 1963 mahakama hiyo ilisema kwamba maungamo yaliyotolewa kwa nguvu ya dawa hayafai kuwa ushahidi, kwa kuwa hayatoki katika hiari ya mtu.

Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, nalo lilianza mwaka 1953 mpango wa siri wa kutafuta dawa za kutawala akili. Watu wengine walipewa dawa bila kujua. Mambo hayo yalijadiliwa hadharani mbele ya Baraza la Seneti mwaka 1977. Dawa ya kumwamuru mtu kama roboti haikupatikana, lakini watu waliumizwa.

Dawa hulegeza ulimi. Lakini ulimi uliolegea hutoa kweli, uongo na ndoto pamoja. Tena mtu aliyepewa dawa anaweza kusema kile anachoona mwulizaji anataka kukisikia. Kwa hiyo tusimlevye mtu ili aseme kweli, na maneno ya mlevi yasivunje ndoa wala undugu. Tumsubiri apate akili timamu, ndipo tumwulize.

8. TUFANYE NINI?

Kwanza: Jambo la shamba, mkopo, ndoa, kesi au fedha nyingi tulizungumze mchana, mahali pasipo na pombe. Mwenye nia njema ataweza kungoja hadi kesho.

Pili: Karatasi ikiletwa kilabuni au kwenye sherehe, usiitie sahihi wala dole gumba. Sema, "Nitaisoma nyumbani." Maneno haya mawili hayamtukani mtu.

Tatu: Isome karatasi mara mbili. Mara ya pili isome pamoja na mke, mume au mtoto mkubwa. Kila mnapoona neno kama "nimeuza", "nimekopa" au "nimekubali", simameni mwulizane maana yake.

Nne: Safarini, usipokee chakula wala kinywaji kutoka kwa usiyemjua. Chupa yako ifungue mwenyewe. Ukiiacha mezani ukarudi, usiinywe tena.

Tano: Ukimkuta mtu amelala na haamki vizuri, mlaze ubavu ili matapishi yasimzibe koo. Usimlazimishe kunywa wala kutapika. Mpeleke haraka zahanati au hospitali. Hifadhi kinywaji kilichobaki, wataalamu wapate kukichunguza. Kisha toeni taarifa polisi.

Sita: Sisi tunaokaa kilabuni tusimpigie makofi mwenzetu anayetoa mali yake akiwa amelewa. Tumwambie, "Ndugu, jambo hili lingoje asubuhi." Yule anayeona karibu tu anahitaji mwenzake wa kumwonea mbali.

HESABU

Ini ndilo linaloondoa alkoholi mwilini. Hufanya kazi polepole. Kahawa, maji baridi au ndimu haziliharakishi. Chupa moja ya bia ya nusu lita huchukua kama saa 2 hadi 3 kuondoka mwilini kwa mtu mzima. Watu hutofautiana.

Mtu ameanza kunywa saa 12 jioni. Amekunywa chupa 4.

Kwa saa 2 kila chupa: 4 x 2 = saa 8. Atakuwa safi saa 8 usiku.
Kwa saa 3 kila chupa: 4 x 3 = saa 12. Atakuwa safi saa 12 asubuhi.

Je, akinywa chupa 6, atakuwa safi saa ngapi? Fanyeni hesabu kwa njia zote mbili. Kisha mseme: anafaa kutia sahihi saa 2 asubuhi?

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Mambo matatu anayohitaji mtu ili kupima maneno ni yapi?
2. Mzee Mashaka alisoma karatasi bila kukosea. Kwa nini kusoma hakukumwokoa?
3. Watu waliokuwa kilabuni wangeweza kufanya nini?
4. Wanafunzi wa New Zealand hawakunywa pombe. Kwa nini walidanganyika?
5. Katika kijiji chetu, ni mambo gani hukubaliwa penye pombe? Mahari? Vibarua? Mifugo? Tufanyeje ili yakubaliwe penye akili timamu?

ZOEZI LA KUANDIKA

Andika sentensi tatu utakazomwambia mtu anayekuletea karatasi wakati umekunywa. Zisome mbele ya wenzako. Kisha uende nazo nyumbani, uwasomee watu wa nyumbani kwako.